Ni Mimi Ninayekiendesha?

"Mama mdogo, nikikaza meno kinasimama."

Mpwa wangu alininong'oneza bila kugeuza shingo, maana alikuwa ameambiwa asitikisike. Waya mmoja ulikuwa umegandishwa utosini kwa jeli nzito kama dawa ya meno, mingine miwili imebanwa kwenye ndewe za masikio. Mbele yake, kwenye skrini, chombo cha anga kilikuwa kinapenya katikati ya miamba. Akitulia, chombo kinasonga. Mawazo yakimpotea, picha inafifia, mlio unakatika, chombo kinaelea pale pale.

Mtaalamu alicheka kidogo. "Hiyo ni misuli ya taya. Inatoa umeme mwingi kuliko ule wa ubongo, kwa hiyo programu inasitisha mchezo mpaka ulegeze." Mtoto akalegeza. Chombo kikaondoka.

Kikao kilipokwisha, akiwa anafutwa jeli kwenye nywele, aliuliza swali ambalo halijaniachia tangu siku ile.

"Ni mimi ninayekiendesha, au kinajiendesha chenyewe?"

"Ni wewe, bingwa," mtaalamu akamjibu.

Mtoto akaridhika. Mimi sikuridhika.

## Umeme mdogo mno

Ana miaka minane na ana ADHD, hali inayomfanya mtoto ashindwe kutulia na kukaza umakini. Waliowahi kuishi na mtoto wa aina hii hawahitaji maelezo, na wasiowahi hawataelewa kwa aya moja, kwa hiyo naliruka hilo. Dada yangu alifika kwenye nyurofidibaki, yaani mafunzo ya ubongo kwa kuurudishia mawimbi yake yenyewe, akiwa ameshajaribu mengi, na alifika akiwa amechoka.

Wazo lenyewe halina uchawi. Seli za ubongo zikifanya kazi kwa makundi hutoa umeme unaopanda na kushuka. Sehemu yake ndogo hupenya fuvu na ngozi, na huweza kunaswa kwa elektrodi: mikrovolti chache tu hadi mia hivi, yaani sehemu za milioni za volti. Mawimbi hayo hupangwa kwa kasi yake. Theta, kati ya hezi (mizunguko kwa sekunde) 4 na 8, huwa nyingi mtu anaposinzia au mawazo yanapotangatanga. Alfa, hezi 8 hadi 12, huonekana vizuri mtu akifumba macho akiwa ametulia. Beta, za mtu aliye macho na makini, ziko juu ya hapo. Kwenye nyurofidibaki, kompyuta inayasoma mawimbi papo hapo na kukulipa yakielekea kunakotakiwa: chombo kinasonga, muziki unaendelea, filamu inang'aa. Ubongo, inasemekana, hujifunza kwa malipo hayo bila wewe kujua unafanya nini hasa.

Kwa watoto kama mpwa wangu, mpango wa siku nyingi ni kupunguza theta na kuongeza beta. Joel Lubar wa Chuo Kikuu cha Tennessee ndiye aliyeifungua njia hiyo katikati ya miaka ya 1970.

Kabla ya Lubar kulikuwa na Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili mjini Jena, Ujerumani, aliyerekodi mawimbi ya ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924 na kuyachapisha mwaka 1929. Kilichomsukuma Berger hakikuwa tiba. Akiwa kijana jeshini alianguka kutoka kwenye farasi akaponea chupuchupu, na siku hiyo hiyo dada yake, aliyekuwa mbali, alihisi ghafla kwamba kaka yake yuko hatarini, hadi baba yao akatuma telegramu kuulizia hali yake. Berger aliishi miaka mingi akitafuta nguvu ya akili inayoweza kuruka kutoka kichwa hadi kichwa. Hakuipata. Alichokipata ni alfa.

Nalitaja hili kwa sababu fani hii, tangu siku ya kwanza, imebeba kipimo cha kweli na tamaa kubwa kwa mkono mmoja.

## Paka hana matarajio

Nilianza kusoma nikiwa na nia ya kumtoa dada yangu kwenye mkumbo. Nikakwama kwa paka.

Barry Sterman alikuwa mtafiti wa usingizi katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, miaka ya 1960. Aliona kwamba paka aliyefundishwa kusubiri, akatulia tuli huku akiwa macho, hutoa mdundo maalumu wa hezi 12 hadi 15 katika eneo la ubongo linalosimamia mwendo. Akajaribu kuulipa mdundo wenyewe: ukitokea, paka anapata maziwa na mchuzi. Paka wakajifunza kuutoa kwa makusudi, kama tunaweza kusema paka ana makusudi.

Kisha likaja jambo ambalo hakulipanga. Jeshi la Anga la Marekani lilikuwa na wasiwasi na monomethilihidrazini, mafuta ya roketi ambayo mvuke wake husababisha degedege. Sterman alipewa kazi ya kupima sumu hiyo kwa paka. Miongoni mwa paka aliowatumia walikuwamo wale wa jaribio la mdundo. Wengi walipata degedege kama ilivyotarajiwa. Wale waliofundishwa walichelewa sana kupata, na baadhi yao hawakupata kabisa.

Hapo nilisimama, nikarudia kusoma.

Hoja yangu yote dhidi ya nyurofidibaki ilikuwa moja: watu wanapona kwa sababu wanaamini watapona. Lakini paka haamini. Hajui kwamba kuna mashine, hajui kwamba mwezi ujao atadungwa sumu, wala hampendezi mtu aliyevaa koti jeupe. Kama mafunzo yalibadilisha kiwango cha ubongo wake kuhimili degedege, basi kuna kitu kilibadilika, na kitu hicho si tumaini.

Mwaka 1972 Sterman na mwenzake Friar walichapisha taarifa ya binadamu wa kwanza, mwanamke mwenye kifafa aliyefundishwa mdundo uleule, na mishtuko yake ikapungua sana.

Nilimpigia dada simu usiku ule nikamwambia: huenda una haki. Akaniuliza kama nimelewa.

## Wale wa alfa

Upande wa pili wa historia haupendezi sana. Joe Kamiya, Chuo Kikuu cha Chicago, alionyesha kuelekea mwisho wa miaka ya 1950 kwamba mtu anaweza kujifunza kutambua lini ubongo wake uko kwenye alfa na lini hauko. Ilikuwa kazi safi. Jarida la wasomaji wa kawaida likaichapisha mwaka 1968, na miaka iliyofuata kila mwenye mashine na waya akawa anauza utulivu wa akili.

Mbio za sakafuni. Katikati ya miaka ya 1970 William Plotkin na wenzake walionyesha kwamba alfa ilipanda na kushuka kutegemea zaidi jinsi mtu anavyotumia macho yake, na kwamba ile raha iliyosifiwa iliwajia zaidi wale walioambiwa waitarajie. Wengine walikuwa na alfa tele na hawakuhisi chochote.

## Kizingiti kinachohama

Safari iliyofuata niliomba kukaa upande wa mtaalamu. Kumbe skrini ni mbili. Ya mtoto ina chombo na miamba. Ya mtaalamu ina mistari inayotetemeka, nguzo za rangi zinazopanda na kushuka, na juu ya kila nguzo kuna mstari mdogo mlalo. Huo ndio kizingiti. Theta ikiwa chini ya mstari na beta ikiwa juu ya wake, mtoto analipwa.

Niliangalia kwa muda. Mstari ulikuwa unasogea.

"Umeusogeza wewe?"

"Hapana, unajipanga wenyewe. Nimeuweka ili alipwe karibu asilimia 70 ya muda. Akichoka unalegea, akifanya vizuri unakaza."

Kama mwalimu, namwelewa. Mtoto anayeshindwa mfululizo hukata tamaa, na anayeshinda bila jasho hajifunzi kitu. Hakuna mwalimu mzuri asiyefanya hivyo.

Lakini fikiria maana yake. Ubongo ukifanya vibaya leo kuliko jana, kizingiti kinashuka na chombo kinaendelea kusonga kama jana. Alama anazopelekewa mama nyumbani zinabaki nzuri. Kwa mpangilio huo, zingebaki nzuri hata kama mtoto hajajifunza chochote kuhusu mawimbi yake. Swali la mpwa wangu lilikuwa na jibu, nalo halikuwa "ni wewe, bingwa". Kwa muda wa dakika moja au mbili, ni yeye. Kwa muda wa kikao kizima, kuna mkono mwingine kwenye usukani.

Basi nikaomba nioneshwe kitu kingine: theta yake yenyewe, bila kizingiti, tangu kikao cha kwanza hadi leo. Mtaalamu alikuwa muungwana, akaitoa. Mstari ulipanda, ukashuka, ukapanda. Ukiniuliza mimi, ulikuwa umelala.

"Kila ubongo una njia yake," akasema. "Wengine mabadiliko yanaonekana kwenye tabia kabla ya kuonekana kwenye mawimbi."

Inawezekana. Ila ukishasema hivyo, hakuna mstari wowote duniani utakaokupinga. Ukishuka, tiba imefanya kazi. Usiposhuka, tiba imefanya kazi kwa njia yake.

## Kuendeshwa na ubongo wa mtoto mwingine

Jaribio lililonifunga mdomo lilichapishwa mwaka 2021 nchini Marekani, na lilihusisha watoto 144 wenye ADHD, wa miaka 7 hadi 10. Wote walikaa kwenye kiti, wakapakwa jeli, wakacheza mchezo, kwa vikao 38. Kundi moja lilipata nyurofidibaki halisi ya theta na beta. Kundi la pili lilichezeshwa na rekodi ya mawimbi ya watoto wengine, ambayo juu yake ilipachikwa mitikisiko ya misuli na macho ya mtoto mwenyewe, ili akipepesa au akikaza taya mashine imjibu kama kawaida. Mtoto asijue, mzazi asijue, anayeendesha kikao asijue.

Ule ujanja wa taya alioufichua mpwa wangu ungefanya kazi vizuri kabisa kwenye kundi la bandia. Angekaza meno, chombo kingesimama, na angeapa kwamba ni yeye anayekiendesha.

Mwishoni, watoto wa tiba halisi walikuwa wamepata nafuu kubwa, kwa macho ya wazazi na walimu.

Watoto wa tiba bandia nao walikuwa wamepata nafuu kubwa.

Tofauti kati ya makundi, kwa kipimo kikuu cha umakini, haikuonekana, si mwisho wa tiba wala miezi 13 baada ya hapo. Kuna jambo moja ambalo watetezi hulishika, na ni haki yao kulishika: baada ya miezi hiyo 13, waliopata tiba halisi walikuwa wanahitaji dawa kidogo kuliko wenzao. Sijui nilipime vipi pembeni ya hayo mengine yote.

Si jaribio hili peke yake. Mjini Salzburg, Austria, watafiti walifanya vivyo hivyo kwa watu wenye tatizo la kukosa usingizi, wakachapisha mwaka 2017: walioona wamelala vizuri zaidi walikuwapo pande zote mbili, ya kweli na ya bandia. Mwaka 2016 uchambuzi wa majaribio 13 ya ADHD uligundua kitu kinachorudi kila mara. Ukiwauliza walio karibu na tiba, mara nyingi wazazi, nafuu inaonekana. Ukiwauliza ambao huenda hawajui nani kapata nini, inayeyuka. Uchambuzi mkubwa zaidi wa mwaka 2024, wenye majaribio 38, haukuona faida ya maana kwa macho ya hao wasiojua.

Na paka je? Nimelizungusha sana hili. Nadhani jibu, kama lipo, ni kwamba paka walijifunza kweli mdundo, tena ulipimwa, na walichopimwa nacho ni degedege, kitu ambacho ama kinatokea ama hakitokei. Mtoto wa miaka minane anapimwa kwa fomu inayouliza kama "mara nyingi" husahau vitu vyake, na inajazwa na mtu anayempenda. Hiyo haimaanishi kwamba ubongo wa binadamu hauwezi kufundishwa. Ina maana kwamba kuonyesha kuwa paka alijifunza hakuonyeshi kuwa huyu wetu amejifunza. Lazima uonyeshwe mstari wake.

## "Kwa hiyo nimwache?"

Nilimweleza dada haya yote jikoni kwake, na nikayaeleza vibaya, kwa msururu wa tarehe na namba. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Anamaliza kazi za shule," akasema. "Analala kabla ya saa nne. Mdogo wangu, mara ya mwisho umeona analala kabla ya saa nne ni lini? Kwa hiyo nimwache?"

Hapo ndipo shida yangu ilipobadilika sura. Nilikuwa nimejiandaa kuthibitisha kwamba tiba haifanyi kazi, na mbele yangu kulikuwa na mtoto aliyepata nafuu. Majaribio hayasemi kwamba nafuu ni ya kuwaza. Wale watoto wa kundi la bandia hawakujidanganya, nao walitulia. Kinachoulizwa ni nini kiliwatuliza.

Ukiangalia chumba kile bila kuangalia nyaya, kuna mengi. Mtoto ambaye kutwa anaambiwa "kaa chini" anaingia mahali anapoambiwa "ni wewe, bingwa". Anakaa kimya kwa muda mrefu na analipwa kwa kukaa kimya, wiki baada ya wiki. Mama yake anaketi pembeni bila simu, jambo ambalo nyumbani haliwezekani. Kuna mtu mzima mwenye subira ambaye hamjui kwa makosa yake. Halafu kuna muda wenyewe: watu hutafuta msaada wakati mambo yamefika kooni, na mambo yaliyofika kooni mara nyingi hushuka kidogo hata usipofanya kitu.

Dada alisema hilo la mwisho ni tusi. Nikalifuta.

Sikumwambia aache. Nilikuwa na hofu moja tu iliyokuwa nzito kuliko udadisi wangu, nayo ni kwamba mtaalamu alikuwa amedokeza, kwa upole na bila kuandika popote, kwamba mbeleni wanaweza "kufikiria kupunguza dawa". Dawa za ADHD zina majaribio mengi nyuma yake, zina madhara yanayojulikana, na zina daktari anayezifuatilia. Kuzibadilisha na mstari uliolala, hapana. Hapo hatukubishana hata kidogo, dada alikuwa ameshakataa kabla yangu.

Kingine kilichonitia shaka ni ule ukuta wa mapokezi wenye orodha ya yanayotibika: wasiwasi, sonona, kipandauso, usonji, kumbukumbu, uraibu, hata kiwango cha uchezaji wa gofu. Ruhusa ambazo mashine nyingi za aina hii zinazo huko Marekani ni za kusaidia mtu kutulia, basi. Ipo iliyoruhusiwa mwaka 2023 kwa watu wenye msongo unaobaki baada ya tukio la kutisha, na hata hiyo iliruhusiwa kama nyongeza ya matibabu yao ya kawaida. Orodha ya ukutani haikuwa na neno "nyongeza".

## Fomu za mwalimu

Tulikubaliana kitu ambacho mimi na dada huwa hatukubaliani kirahisi: kujaribu. Vikao vilivyokuwa vimeshalipiwa viliisha, kisha akasimamisha kwa muda. Dawa haikuguswa. Saa ya kuketi pamoja haikuguswa pia, siku zilezile, muda uleule, ila sasa ni mezani na fumbo la vipande vya picha, simu ikiwa chumba kingine. Mwalimu wa darasa, ambaye hakuwa anajua ratiba ya vikao, aliombwa aendelee kujaza ileile fomu ya tabia aliyokuwa akijaza kila wiki. Hakuambiwa kwamba kuna kilichosimama.

Si utafiti. Mtoto mmoja, mwalimu mmoja, familia yenye hamu ya jibu. Najua kilichopungua.

Fomu zimerudi, na haziko tofauti na za kipindi cha nyaya. Wiki mbaya ipo, wiki nzuri zipo, mwandiko wa mwalimu ni uleule wa haraka. Dada anasema hii inaonyesha kwamba mafunzo yameshika na ubongo sasa unajua njia. Mimi nasema inaonyesha kwamba kilichokuwa kinasaidia bado kipo pale mezani. Tumezisoma fomu zilezile tukiwa tumekaa bega kwa bega, na hakuna kati yetu aliyeweza kumwonyesha mwenzake mstari mmoja wa kumkatalia.

Mtaalamu amependekeza ramani ya pili ya ubongo, yaani kipimo cha mawimbi ya kichwa kizima, ili kulinganisha na ya kwanza. Nilimshauri dada amuulize kwanza ramani ionyeshe nini ndipo akubali kwamba tiba haikufanya kazi. Amemwandikia ujumbe. Mpaka sasa ujumbe umesomwa, haujajibiwa, na miadi ya daktari wa dawa iko palepale mwisho wa mwezi.